Jicho la Rula na Kikombe cha Benchi

Mbele ya kibanda cha kinyozi, pale ambapo barabara ya lami inakutana na kichochoro kinachonuka sabuni, pana benchi refu la mbao ambalo mguu wake mmoja umewekewa jiwe. Kila alasiri benchi hilo hupata watu wake, na watu wake hunywa kahawa kwa kikombe kimoja. Si kwamba vikombe vimeadimika. Shangazi, mwuza kahawa, anavyo vya wapita njia, vimelala ndani ya ndoo yake ya maji. Lakini kikombe cha benchi ni kimoja, kidogo, kisicho na mkono, nacho huzunguka kutoka kiganja hadi kiganja kama salamu. Aliyeanzisha desturi hiyo hajulikani. Anayejulikana ni aliyeivunja: mwalimu mmoja wa shule ya jirani, aliyekuja siku moja na kikombe chake ndani ya mkoba. Hakufukuzwa. Aliambiwa tu, kwa sauti laini kama povu la kunyolea, "Mwenye kikombe chake ana kijiwe chake," na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Tangu siku hiyo mwalimu hupita akiharakisha, mkono mmoja juu kusalimu, mguu tayari umeshavuka.

Alasiri hiyo Rula alikaa mwisho wa benchi, mkono wa kulia mfukoni mwa koti. Mfukoni mlikuwa na kikombe.

Rula lilikuwa jina la kazi. Mzee huyu alichora vibao vya maduka ya mtaa mzima kwa mkono mtupu, na mstari wake ulinyooka kuliko kauli ya mwenye duka. Kisha mistari ikamwasi. Ilianza na kibao cha kinyozi: alikiinulia macho siku moja akaona neno limebonyea katikati kama kitanda cha kamba. Akalaumu jua, kwamba limepinda ubao. Baadaye mlango nao ukapinda, nguzo ya umeme ikapinda, hata ukingo wa meza yake mwenyewe, akaona aibu kulilaumu jua kwa kila kitu. Mwishowe doa la kijivu likakaa katikati ya kila alichokitazama, mfano wa kidole cha mtu kilichogandamiza kioo. Akimtazama mtu usoni, uso hupotea, masikio hubaki. Akawa anawajua wenzake kwa sauti, kwa kofia na kwa mikao, na akajitahidi asimwambie mtu.

Jana yake alikwenda kliniki ya macho. Daktari, binti wa umri wa mjukuu, alimpa karatasi yenye miraba akamwuliza mistari anaionaje.

"Nani amechora hii?" Rula aliuliza. "Angekuwa mwanafunzi wangu ningemrudisha kwao."

Daktari alicheka kidogo, kisha akamweleza kwamba mistari imenyooka, ila uzee umeleta maradhi yanayokula kitovu cha jicho. Na mzee alipokuwa ameshainuka kuondoka, akamwongezea jambo ambalo hakulitarajia kutoka kwa mtu wa macho. Mtaani kuna homa ya kifua inayoletwa na kirusi, alisema; na watafiti wameona kwamba wenye jicho la namna hii, homa hiyo ikiwapata, wengi wao huangushwa vibaya kuliko wenzao. Si wote, lakini wengi. Chanjo akachomwa pale pale, na bega lilikuwa bado linamwuma. "Itachukua siku kadhaa kukolea, babu. Hadi hapo, waepuke wanaokohoa, kaa penye hewa, na usinywe kikombe kimoja na mtu." Alisema kwa wepesi, kama amwambiaye mgeni avue viatu mlangoni. Hakujua kwamba kikombe kimoja na watu ndicho kitu pekee kilichomtoa Rula nyumbani tangu mkewe alipofariki.

— Kahawa ndiyo hii, akatangaza Shangazi, birika likiimba juu ya makaa. — Nani anaanza leo?

— Mpe Mheshimiwa, alisema kinyozi kutoka mlangoni, akikung'uta taulo. Watu wote walimwita Wembe. — Yule ana kiu ya madaraka, walau aizime kwa kahawa.

Mheshimiwa aliwahi kugombea uongozi wa mtaa, akapata kura mbili, na mkewe aliapa kwamba ile ya pili si yake. Alipokea kikombe kwa mikono miwili, kama anayekula kiapo.

— Nacheleweshwa tu, alisema. — Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

— Wewe umeenda pole mpaka nyama imeoza!

Ubavuni mwa Rula, Spana akakohoa. Spana alikuwa fundi baiskeli, kijana mwenye mabega mapana na mikono isiyotoka grisi hata siku ya sherehe. Kikohozi chake kilikuwa kipevu, chenye mizizi, kikatikisa benchi hadi kwenye jiwe.

— Pole mwanangu, alisema Rula. — Kimekuanza lini?

— Ah, vumbi tu hili, mzee wangu. Nimeshinda nasugua minyororo.

— Vumbi gani lina homa? Shangazi akadakia. — Jana ulikuwa unatetemeka juani, nimekuona na haya macho yangu.

— Shangazi, mficha maradhi kilio humuumbua. Ndiyo maana mimi sifichi. Nakohoa hadharani, mchana kweupe!

Benchi likaangua kicheko. Rula naye akacheka, ila kidole chake mfukoni kilikuwa kinazunguka ukingo wa kikombe, kinazunguka, kinazunguka. Njiani alikuwa amejipangia maneno kama mtu apangavyo herufi kwenye ubao kabla ya kutia rangi. Sasa yote yamemteleza. Akaanza kwa kupitia mlango wa nyuma.

— Kuna mtu mmoja namfahamu, alisema. — Anaumwa macho. Maradhi ya uzee, yanakula katikati ya jicho. Basi daktari wa macho kamwambia ajihadhari na homa hii ya kifua, eti mwenye jicho kama lile ikimpata itamlaza vibaya.

— Macho? Wembe akatoka mlangoni, taulo begani. — Na kifua?

— Ndivyo alivyoambiwa.

— Huyo daktari kapotea njia, alisema Mheshimiwa. — Jicho liko ghorofani, kifua kiko chini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wahenga walisema guu! Hawakusema jicho, wala hawakusema mapafu.

— Ngoja, ngoja, alisema Wembe. — Kichwa mwachieni mwenye kichwa. Mimi nimeshika vichwa vya mtaa huu wote, vyenye akili na vyenye chawa. Kuna mshipa nyuma ya sikio. Ukiupitishia wembe kidogo tu, mteja anapiga chafya. Kwa nini? Kwa sababu ule mshipa unatoka jichoni, unapita kooni, unatua mapafuni. Bomba moja! Ukitia uchafu juu, unatokea chini.

— Na chafya ya mteja wako ni ule unga wako wa bei rahisi, Shangazi akamkata. — Lakini hapo kwenye bomba hajakosea sana. Mtu akilia, pua inatoa maji. Mimi nimelia sana katika maisha yangu, najua. Jicho na pua ni nyumba moja, na pua ndiyo barabara ya kifua.

— Sasa huyo mtu akiacha kulia si atapona?

— Muulize aliyemliza.

Mheshimiwa akakinywa kilichobaki, kikombe kikajazwa, kikapita kwa Wembe. Rula alikisikia kinavyokuja. Hakuweza kukiona mikononi mwa watu, doa lilikimeza kila alipokielekea. Lakini aliyasikia yale mafunda madogo na ile "aah" ya baada ya funda, na alijua zamu inayofuata ni ya Spana, na baada ya Spana ni yake.

— Nyie wote mnahangaika bure, alisema Spana. — Chukulia baiskeli. Taa ya mbele inakula moto kutoka kwenye dainamo, na dainamo inakaa gurudumuni. Mteja ananiletea, fundi, taa yangu inafifia. Mimi siangalii taa! Naangalia gurudumu. Basi na huyo mtu hivyo hivyo. Jicho limefifia kwa sababu kuna kitu kinakwaruza huko chini.

Akakohoa tena, akageuzia kinywa begani, bega la upande wa Rula.

— Si ubaya, alisema Rula taratibu. — Daktari alimweleza karibu na hivyo. Alimwambia mwili una walinzi wake. Sasa kwa watu wa jicho hilo, walinzi wamekuwa wakali kupita kiasi, wanang'ata hata nyumba wanayoilinda. Inadhaniwa wao ndio wamechangia kulila jicho. Na kirusi kikiingia kifuani, wanaweza kufanya fujo ile ile. Adui mmoja kaingia, wao wanachoma mtaa mzima.

— Mapinduzi! Mheshimiwa akapiga goti lake. — Mwili ni serikali, siku zote nasema. Jicho ni wizara ya mambo ya nje. Jeshi likishaipindua wizara hiyo, nchi haina habari tena. Na kirusi nacho si mjinga. Kinachagua nyumba isiyo na taa. Mwenye macho mazima kinamwogopa, kinajua kitaonwa.

— Kitaonwa na nani? Kirusi hakionekani hata na mwenye macho sita!

— Wewe umejuaje kwamba hakionekani? Umewahi kukiona?

Wembe akafikiri, akanywa.

— Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Spana. — Mimi ningemshauri huyo mtu avue nguo.

— Akivua atapata baridi, na baridi ni kifua tena, alisema Shangazi.

— Basi hana njia. Aombe dua.

— Nisikilizeni, Wembe akarudi vitani, sauti imeshuka kama anayetoa siri ya nchi. — Kuna jambo hapa. Daktari wa macho anauza nini? Miwani. Homa ya kifua inauza nini? Barakoa. Miwani inashika wapi? Sikioni. Barakoa inashika wapi?



— Sikioni, Shangazi akajibu bila kupenda.

— Mmeona? Hii ni biashara ya masikio! Kuna mtu mahali ana kiwanda, anahesabu masikio yetu tu. Leo jicho na kifua, kesho tutaambiwa mwenye goti bovu asile ndizi.

— Haba na haba hujaza kibaba, Mheshimiwa akaunga mkono kwa uzito mkubwa, na hakuna aliyejua ana maana gani, naye pia.

Wakacheka, wakabishana, wakarukiana. Rula alikuwa amewaletea donda lake, nao wakalipokea kwa furaha, wakalichezea kama mpira. Baada ya kila sentensi aliyosema aliacha nafasi, kama mchora vibao aachavyo nafasi kati ya neno na neno, ili yeyote aweze kuuliza: huyo mtu ni nani? Nafasi zikajazwa na mishipa, na dainamo, na masikio. Hakuna aliyeuliza.

Spana akanywa. Akakohoa juu ya kikombe, akameza, akampa Shangazi akajaza. Kisha, kwa adabu ambayo mama yake angejivunia, akaufuta ukingo kwa upindo wa shati lake.

— Pokea, mzee wangu. Nimemwambia Shangazi akutilie ya chini, ile nzito unayoipenda.

Rula akaona masikio mawili na kofia, na kati yake ukungu. Kutoka ndani ya ukungu mkono ulikuwa umenyooshwa.

Akafikiria nyumba yake. Kule kila kitu kilikuwa mahali pake, na hakuna mtu wa kukihamisha. Hilo ndilo lililomchosha kuliko jicho. Kijiko akikiacha mezani asubuhi, atakikuta jioni kimelala vile vile, hakuna wa kukigombania wala wa kumkaripia kwa kukiacha. Binti yake alikaa mbali, akapiga simu siku za mapumziko, akauliza, "Baba, u mzima?" naye akajibu, "Mzima, mama," na nyumba ikanyamaza tena. Redio ilimsemesha lakini haikumsikiliza. Angekunywa hiki kikombe, angebaki na benchi, na kesho labda angelala kitandani anatafuta pumzi bila mtu wa kumpa maji. Angekikataa, pumzi ingebaki, lakini ya kwenda kuvutia wapi?

Mkono wa Spana ulikuwa ungali umenyooshwa. Rula akatoa mkono mfukoni.

— Nimiminie humu, Shangazi, alisema. — Tafadhali.

Vichwa vyote vikamgeukia. Kisha Wembe akainama kukichungulia kile kikombe cha bati.

— Hiki… si kile ulichokuwa unasuuzia brashi?

— Nimekisugua.

— Rula! Na wewe? Umekuwa mwalimu!

Kicheko kikapasuka, kikubwa, cha watu waliopewa zawadi wasiyoitarajia. Mheshimiwa akasimama, akanyoosha kola.

— Ndugu zangu, mwenye kikombe chake…

— Mheshimiwa, kaa chini, alisema Shangazi.

Spana hakucheka. Kikombe cha benchi bado kilikuwa mkononi mwake, kahawa inamwagikia vidole.

— Mzee, unanionea kinyaa?

— La, mwanangu. La hasha.

— Basi ni nini? Kwa sababu ya grisi? Kila jioni mimi nakwenda na wewe mpaka ng'ambo ya barabara, nasema nina safari ya huko. Sina safari ya huko, mzee. Nyumbani kwangu ni huku nyuma. Ulidhani sijui kwamba magari huyaoni vizuri? Nikaona nisikutie aibu. Leo unaniletea kikombe cha brashi mbele za watu?

Rula hakuwa na habari. Miezi yote hiyo aliamini kwamba kijana ana mchumba kule ng'ambo, na mara mbili tatu alimtania kwa ajili hiyo.

— Yule mtu niliyemsema, alisema. — Yule wa jicho. Ni mimi.

Ndani ya kibanda mashine ya kunyolea ilikuwa imesahauliwa imewashwa, inanguruma peke yake juu ya meza. Wembe akaingia akaizima, akatoka.

— Ni wewe? aliuliza.

— Ni mimi. Nyuso zenu sizioni tangu zamani. Na hiki kikohozi chako, Spana, sikionei kinyaa, nakiogopa. Nimechanjwa jana, haijakolea. Nimeambiwa nikae penye hewa, nisikae na kikohozi, wala nisishiriki kikombe. Sikujua nianzie wapi kusema.

Hakuna aliyezungumza habari ya mishipa. Spana akakitua kikombe cha benchi juu ya jiwe, taratibu, kama kitu kinachoweza kulipuka. Akasogea, akasogea tena, akainuka kabisa.

— Mungu wangu, alisema. — Nimekukoholea begani alasiri nzima.

— Kaa tu pale pembeni, mwanangu, itatosha…

— Hapana. Hapana, mzee.

Basi huruma ikawaingia, na huruma ya watu wa benchi ilikuwa kama ubishi wao: ikianza haijui kukoma. Mheshimiwa alitangaza kwamba Rula hatoki hapa, asithubutu mtu kumwambia lolote la vikombe. Kama kuna wa kutoka, watoke wao. Wembe aliona ni haki. Alileta ile spiriti anayosafishia nyembe, akaipangusa mbao yote kuanzia mwisho hadi mwisho, akampangusa na Rula viganja. Shangazi alimimina kahawa ndani ya bati kutoka juu sana, mdomo wa birika usiguse, kisha akainua jiko lake, makaa na vyote.

— Na wewe unakwenda wapi? Rula aliuliza. — Wewe hukohoi.

— Nimekaa na huyu anayekohoa tangu asubuhi, baba. Nani ajuaye nimebeba nini?

— Lakini daktari hakusema niachwe peke yangu. Amesema niwaepuke wanaokohoa tu. Nyie wengine…

— Tahadhari, mzee, alisema Mheshimiwa kwa upole. — Kinga ni bora kuliko tiba.

Ilikuwa methali pekee iliyotumika mahali pake siku hiyo, na ndiyo iliyomuumiza.

Spana aliondoka wa mwisho. Mkono wake ulikwenda kumgusa bega Rula, ukakumbuka, ukarudi.

Wakavuka barabara, wakajipanga kwenye ukingo wa mtaro mbele ya duka lililofungwa, wanne kwenye nafasi ya wawili. Rula akabaki na benchi zima. Hakujua kwamba lilikuwa refu namna ile.

— Mzee! akaita Wembe kutoka ng'ambo. — Unatusikia?

— Nawasikia!

— Vizuri! Tuko pamoja!

— Ndiyo! Tuko pamoja!

Pikipiki ikapita, ikakata maneno. Likapita gari la mizigo. Mheshimiwa akapaza sauti kueleza jambo kuhusu serikali na macho, akafika katikati, honi ikamla, akaanza upya, akachoka. Mzaha una miguu mifupi, hauvuki barabara. Ukiurusha kwa kelele unafika umekufa, na anayeupokea lazima acheke kwa adabu. Rula alicheka kwa adabu mara kadhaa. Akawa anaelekeza uso kule, akaona rangi nne zilizobanana, akajaribu kuzigawa: nyeupe, hilo koti la Wembe; ya buluu, Spana; nyingine mbili hazikutengana.

Taratibu wakaacha kupiga kelele. Wakawa wanasema wao kwa wao, sauti za kawaida, sauti za watu wanaogusana mabega. Kikombe cha benchi walikuwa wamekiacha juu ya jiwe. Huko walikunywa kwa kimoja cha ndooni, na alijua ni kimoja kwa sababu alizisikia zile "aah" zikifuatana kwa zamu, moja, kisha nyingine. Mara wakaangua kicheko kikubwa.

— Mnacheka nini? Rula akaita.

— Ah, si kitu, mzee! Tutakuambia!

Akanywa kahawa yake. Kwa mbali sana ilinuka mafuta ya taa.

Hapo ndipo alipotokea mwanamke mmoja kichochoroni, mgeni wa mtaa huo, amemshika mkono baba yake aliyehitaji kunyolewa. Walikuja polepole, mzee wake alihema kila baada ya hatua chache. Mwanamke akaona mlango wa kinyozi u wazi na kinyozi hayumo. Akaona benchi refu, na mwisho wake mtu mmoja tu, amekaa wima, kikombe cha bati mapajani.

— Shikamoo, baba, alisema.

— Marahaba, mwanangu. Rula aligeuka haraka mno, kama mtu aliyeitwa kwa jina. — Karibuni. Kinyozi yuko ng'ambo, anakuja.

— Tunaweza kukaa? Baba amechoka.

— Kaeni, kaeni. Pako pana.

Alikuwa ameanza kumtua baba yake mbaoni pale kelele zilipopigwa kutoka ng'ambo, zote kwa pamoja, na mikono hewani.

— Hapana!

— Dada, hapo pasikaliwe!

— Mwache mzee, mwache!

Mwanamke akashtuka, akamnyanyua baba yake kwa kwapa, akarudi nyuma. Akamtazama Rula. Akawatazama wale wanne waliobanana juu ya mtaro kama kuku juu ya ua. Akatazama tena ule urefu wa mbao tupu, uliopanguswa ukang'aa.

— Kwani, aliuliza, na sauti yake ikavuka barabara bila taabu, kwa kuwa wakati huo hapakuwa na gari, — huyu mzee amewakosea nini?

Wembe alifungua kinywa. Mheshimiwa alinyoosha kola, akaiachia. Shangazi akainamia makaa yake. Spana alikuwa na kikohozi kifuani, akakizuia mpaka macho yakamtoka machozi.

Rula naye alikuwa amewaelekea, ameinua uso, anasubiri. Maana katika mtaa mzima hakuna aliyetaka kulisikia jibu kuliko yeye.